Madirisha ya Treni ya Shemeji

Yule mtu wa kushangaa aliyekuwa ndani yangu alikufa zamani. Nimeuza vioo Migori miaka ishirini na sita. Nimeona fahali kule Kehancha akiingia dukani kwa mteja wangu na kupigana na sura yake mwenyewe kwenye kabati ya kioo mpaka akashinda. Nimekata kidirisha cha jeneza la tajiri mmoja aliyeacha usia kwamba asifungiwe gizani. Nimewekea kanisa madirisha, mchungaji akayaombea moja moja, na mawili akayarudia kwa kuwa alisahau kama ameshayaombea. Kwa hiyo mtu akija kwangu na habari yake, huwa namwambia akae, anywe soda, aseme polepole. Sitaruka.

Shule niliacha darasa la tano. Haya naandika kwa mkono wangu, na kosa ukiliona ni langu, sikulinunua. Baba alifariki mapema, nikaanza kubeba vioo kichwani, kutoka steji mpaka kwa wenye nyumba, kitambaa kimekunjwa utosini. Leo nina karakana kando ya barabara kuu, pikapu mbili, na vijana wa alumini wanaoniita mkubwa. Ukifika Migori, inua macho. Ghorofa ikikurudishia jua usoni, ujue hiyo ni kazi yangu.

Nina dada mmoja tu, anayenifuata. Huyo nilimsomesha mimi. Sare, karo, chuo cha ualimu, mpaka kiatu cha mahafali, vyote vilitoka kwenye kioo. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi Homa Bay. Ananiita owadwa, ndivyo Wajaluo tunavyosema ndugu yangu, na kwa miaka mingi, tukiwa mahali popote penye watu, matanga au arusi, alikuwa ananishika bega na kusema, "Huyu ndiye aliyenisomesha." Nilikuwa nimezoea maneno hayo kama mtu alivyozoea chai ya saa nne. Usipoipata, kichwa kinauma.

Mke wangu sijawahi kumwonea wivu hata siku moja. Ni dada ndiye aliyenitia ugonjwa huo, tena nikiwa na mvi.

Ulianza na picha kwenye simu. Mume wake alikuwa amestaafu. Miaka thelathini alitengeneza mabehewa kwenye karakana ya reli Nairobi, na aliporudi nyumbani Homa Bay, badala ya kufuga kuku kama wastaafu wengine, akaanza kuunda treni ndogo ya kuwekwa mezani, ya plastiki, akiikata kwa wembe. Huko kwetu reli haijawahi kufika. Wazee walikuwa wanapanda meli Homa Bay mpaka Kisumu ndipo waione. Basi shemeji akasema watoto wa shule ya mkewe wataiona, hata ikiwa ndogo. Mimi nikacheka. Halafu ikaja hiyo picha, na chini yake dada ameandika: "Owadwa, tazama madirisha. Hata wewe hujawahi kufunga dirisha safi hivi."

Niliisoma nikiwa juu ya ngazi, nina kioo cha futi sita mkononi. Nikateremka.

Jumapili nikaendesha gari, nikapita Rongo na Rodi Kopany, mpaka Homa Bay. Niliwabebea mkungu wa ndizi, lakini nilienda kwa sababu ya madirisha.

Shemeji ni mtu mwembamba, anaongea chini chini kama aliye kanisani. Alinipokea kwa mikono miwili jinsi anavyopaswa kumpokea kaka ya mkewe. Sebuleni, viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, na katikati kulikuwa na meza ndefu kuliko kitanda. Juu yake injini moja na mabehewa matatu, rangi ya damu ya mzee chini, krimu juu. Ubavu wa behewa la nne ulikuwa bado haujaanzwa.

"Karibu, shemeji," alisema. "Nilitaka sana uione wewe. Wewe ndiye mtu wa madirisha."

"Ungeniambia mapema nikukatie kioo," nikasema. "Kioo cha milimita nne, kipya cha kwenye boksi. Bure."

Akatabasamu, akachukua kalamu. Kila kitu kwenye treni ile kilikuwa kimepunguzwa mara themanini na saba. Mlango, kiti, ngazi, vyote. Akazidisha pembeni mwa gazeti. "Kioo chako, shemeji, abiria wangu wangekiona kina unene wa sentimita thelathini na tano."

Dada alikuwa analeta chai. Akaangua kicheko mpaka kikombe kikamwagika. "Owadwa! Hicho si kioo, hicho ni ukuta wa benki!"

Nikacheka na mimi. Meno tu.

Akanionyesha anavyofanya. Kuna majimaji yanaitwa resini, mazito kama asali, meupe kama maji ya kisima. Unayachanganya na dawa ya kugandisha, na kesho yake yamekuwa magumu, yanaangaza. Ubavu wa behewa anaukata ukiwa bapa, kabla ya kuuunganisha, na matundu ya madirisha wazi. Upande wa nje anabandika selotepu nyororo, anaulaza juu ya kioo cha picha ili usipinde, kisha anadondosha resini ndani ya kila tundu kwa sirinji ya hospitali isiyo na sindano. Pembe za dirisha anazifikia kwa kijiti cha meno. Ikishaganda anabandua selotepu, na dirisha limekaa sawasawa na ukuta, halina fremu, halina puti ya kushikia kioo, halina msumari.

"Ila resini haina siri," alisema. "Inaiga kila inachogusa. Selotepu ikiwa na mkunjo, dirisha lina mkunjo. Nywele ikianguka, imekaa humo milele."

Niliinama nikachungulia. Kwanza niliona kama hakuna kitu, tundu tupu. Halafu mwanga wa mlangoni ukateleza juu yake, na ndani nikaona viti vidogo vya kijani, na upande wa pili, kupitia dirisha lingine, ziwa lililoko nje. Mtu wa kazi akiona kazi anaijua, hata kama moyo umekataa. Sijawahi kufunga kioo kilichokaa hivyo.

"Si mbaya," nikasema. "Kwa mtu aliyestaafu."

Ndipo akaingia jirani, mama mmoja muuza samaki, kuleta ngege walioagizwa. Akaiona treni, akaweka beseni chini, akapiga makofi. Dada akamshika mumewe bega. "Huyu mume wangu ana mikono, mama!"

"Na huyu mgeni?" yule mama akauliza.

"Huyu ni kaka yangu. Anauza vioo Migori."

Anauza vioo. Hivyo tu. Kama mtu anayeuza dagaa wa omena kwa kikombe. Nilingoja aendelee, sikio limesimama. Hakuendelea. Alimuuliza yule mama bei ya samaki.

Njiani kurudi nilizungumza peke yangu mpaka Rongo. Nilijiambia: yeye ni fundi wa mabehewa, madirisha ni yangu. Nitayatengeneza mazuri kuliko yake, nitampelekea dada kwenye sanduku la kitambaa, na hiyo sentensi nitaisikia tena.

Niliagiza resini Nairobi, ikaja kwenye kifurushi. Chupa nne za kilo, na dawa yake. Nikajifungia chumba cha nyuma, mchana kweupe, nikawaambia vijana napiga hesabu. Sasa, yule shemeji alikuwa anapima kwenye mizani ndogo ile ya wanunuzi wa dhahabu, gramu kwa gramu. Migori hapa mizani hiyo iko kila mlango wa pili, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ananunua dhahabu. Ningemwomba kwa dakika tano. Lakini angeuliza ni ya nini, na mimi ningemjibu nini, kwamba napima madirisha ya kuingia mbu? Isitoshe, mimi sijawahi kupima puti. Puti napima kwa kidole gumba, na haijawahi kunidanganya.

Nikapima kwa jicho. Nikaona dawa ya kugandisha ni kidogo, nikaongeza. Mgonjwa mkali anahitaji dozi kali. Nikachanganya ya kutosha kwa beseni zima, nikifikiri nitafanya madirisha mia kwa mara moja na kumaliza kazi. Baada ya muda beseni likaanza kuwa moto. Nikaweka mkono, nikautoa. Likaanza kutoa moshi. Likalainika upande mmoja, likainama kama mzee anayetafuta kiatu, na resini yangu ikapasuka katikati, njano, kama yai la mbuni.

Mke wangu akagonga. "Baba, unapika nini humo?"

"Hesabu!"

"Hesabu inanuka namna hiyo?"

Mara ya pili niliogopa moto, nikapunguza dawa. Wiki nzima ikabaki inanata, na inzi watatu wakafia kwenye dirisha moja. Mara ya tatu iliganda, lakini ilijaa mapovu kama soda, kwa kuwa niliikoroga kwa nguvu kama ninavyokoroga uji. Nilikaa nayo mkononi. Mimi, ambaye benki zinanipigia simu. Nilikuwa na kilo moja na zaidi imebaki, nikaificha nyuma ya boksi la misumari. Sikumwambia mtu, na mke wangu ana adabu, hakuuliza tena.

Dada akapiga simu. Shule ilikuwa na harambee ya kujenga madarasa, Ijumaa, na treni ingeonyeshwa kwa watu wote. "Njoo Alhamisi, owadwa. Usikose. Nina jambo lako."

Jambo langu! Nilinunua shati jipya.

Alhamisi saa tisa nilifika. Dada alikuwa shuleni bado. Shemeji alikuwa mezani, anamalizia behewa la nne, la daraja la kwanza. Ubavu umelala bapa, madirisha manane, resini ameshadondosha tangu asubuhi. "Yameshika lakini hayajakomaa," alisema. "Yako kama ugali wa kwanza. Shemeji, niangalizie kidogo, nikawapokee watu wa mahema ya kesho." Akatoka.

Nikabaki na madirisha manane.

Sitasema shetani. Shetani hakuwepo, nilikuwa peke yangu. Niliyatazama moja moja, nikitafuta povu. Hakuna. Nikatafuta mkunjo, nywele, vumbi. Hakuna. Nilifikiria kesho, watu wote wameinama hapa, na dada amemshika huyu mtu bega. Nikanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia nikakiweka juu ya dirisha la tatu. Nilikilaza taratibu, kama mtu anayepiga kura. Nilipokiinua, kilitoa sauti ndogo, kama busu la mtoto.

Shemeji aliporudi alivaa miwani. Alifika dirisha la tatu, akakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye mengine. Mimi nilikuwa nasoma kalenda ukutani.

"Tone moja lingelifuta," alisema hatimaye, kwa ile sauti yake ya kanisani. "Ukidondosha resini mpya juu yake, alama inamezwa. Lakini yangu imekwisha, hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kifurushi kingine ni siku tatu."

Kilo moja na zaidi ilikuwa Migori, nyuma ya boksi la misumari. Ningepanda gari, jua lingekuwa bado halijazama nikifika. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini ningesema niliinunua ya nini?

"Pole," nikasema.

"Fundi hugusa," akasema. "Hata mimi ningegusa."

Akavua miwani. Angenitukana ningelala vizuri.

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Mahema, viti vya plastiki, bendi ya kinanda na ngoma, wazazi, mapadri kwa wachungaji, wavuvi mpaka wa kisiwa cha Mfangano. Treni iliwekwa kwenye meza chini ya hema kubwa, imefunikwa kitambaa. Dada akasimama na kipaza sauti.

"Kabla kitambaa hakijatolewa," akasema, "kuna mtu lazima awe wa kwanza kuchungulia. Mimi ningekuwa nauza mandazi stejini leo kama si yeye. Owadwa, njoo."

Hilo ndilo lilikuwa jambo langu. Alikuwa amelipanga wiki nzima, na mimi wiki nzima nilikuwa nampangia mumewe.

Nilitembea. Watu wakapiga makofi, nami nikainua mkono kama ninavyoinua siku zote. Dada akanipa lenzi ya darasa la sayansi, akainua kitambaa upande wetu, akainama pamoja nami, shavu karibu na shavu, na akaniongoza kwenye behewa la nne kwa sababu ndilo zuri zaidi. Dirisha la kwanza. La pili. Kwenye la tatu akarudi nyuma, akaliangalia upya.

Niliona anachokiona. Mistari ya kidole, imekaa wazi kama ramani, na katikati kovu limekatiza kwa mshazari. Kovu hilo nililipata nikiwa kijana, kioo kiliponiteleza sokoni, na aliyelifunga ni yeye, akavua soksi yake ya shule akanizungushia. Hakuna mtu mwingine duniani anayelijua kovu hilo vizuri kama yeye.

Hakuinua kichwa. Alinong'ona ili tusikie watatu tu, yeye, mimi na mumewe aliyekuwa kando ya meza.

"Owadwa. Kidole chako kimepanda daraja la kwanza bila tiketi."

"Niligusa kuona kama imekauka," nikanong'ona.

"Imekauka," akasema. "Nenda ukalipe nauli."

Na bendi ilikuwa imeanza. Kwetu kuna kitu kinaitwa pakruok. Muziki ukichangamka, mtu anatoa pesa, anausimamisha, na anapewa kipaza sauti ajisifu au amsifu ampendaye. Akitaka kusema zaidi, anatoa zaidi. Siku ya harambee hizo pesa zinaingia kwenye kapu. Kwenye kazi hiyo najulikana kaunti mbili. Nilikuwa na elfu kumi kwenye bahasha, na maneno yangu niliyafanyia mazoezi garini: mwanga wa Migori, mume wa vioo, jua lenyewe linajitazama kwangu kabla ya kutoka. Mshereheshaji aliponiona nakuja akashangilia, "Amekuja mwenyewe! Zima ngoma!"

Nikatoa elfu tano. Ngoma ikakatika.

"Shemeji yangu," nikasema, "ni fundi wa madirisha kunishinda mimi."

Uwanja ukasema ehee! Watu hawakuamini. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Huyo ni wewe kweli, ama umetuma pacha?" Ngoma ikarudi. Ningeketi hapo. Lakini dada alikuwa ananitazama, lenzi mkononi, na uso wake haukuwa umemaliza.

Nikatoa elfu tatu. "Dirisha la tatu la behewa la mwisho lina alama ya kidole. Kidole hicho ni changu. Niliweka kwa makusudi, kwa sababu ya wivu."

"Rudia!" mshereheshaji akaita, amefurahi kama aliyeokota. "Akina mama wa nyuma hawakusikia! Rudia kwa elfu moja!"

Nikatoa elfu moja, nikarudia.

"Kidole kipi?" mwalimu mmoja akauliza. "Tukione!"

"Kuonyesha ni elfu moja!" mshereheshaji akasema.

Ya mwisho kwenye bahasha. Nikakiinua juu, mbele ya mji mzima, na watu wakacheka mpaka viti vikaanguka. Mama muuza samaki alikuja mbele kabisa kukikagua. Kisha kitambaa kikatolewa, na wote wakakimbilia mezani kupanga foleni, kila mmoja akitaka kuona dirisha la tatu, na yale mengine thelathini na moja ya upande huo, safi kabisa, yakakosa wa kuyatazama. Nakiri hilo lilinipoza kidogo.

Shemeji alinipa mkono, mikono miwili, kama siku zote. Dada alikuja. Nilitegemea anishike bega. Alikishika kile kidole, akakibana mpaka machozi yakanitoka, akakiachia, halafu akarudi kwa mumewe akaanza kucheza naye, na nilimwona anavyomcheka na jinsi yule mtu mwembamba alivyokuwa hajui aweke wapi miguu. Hata kucheza hajui. Na bado alikuwa naye.

Mshereheshaji akanijia tena, kipaza sauti mkononi. "Mwanga wa Migori, ongeza neno!"

Nilipekua mifuko. Kulikuwa na noti na sarafu, mia tatu na hamsini, za mafuta ya kunifikisha Rongo. Nikamwekea zote kiganjani. "Hizi si za kusema," nikamwambia. "Waambie wapige ngoma, wasisimame." Na ngoma ikapigwa, na mimi nikasimama kando ya hema nikiwatazama wale wawili, nikiwa nimetumia siku hiyo, ukiacha shati, shilingi elfu kumi, mia tatu na hamsini.